Re: Mbwa mzee niliyemchukua hataki kula, nimrudishe?

Pole mwenzangu, ila siku ya 3 ni mapema mno kusema umrudishe eti kwa sababu anajificha nyuma ya kochi na chakula ananusa tu anaacha. Mi niliwahi kumlea mmoja wa hivyo, mifupa mitupu, manyoya yamegandana kama mkeka, wiki nzima analala kaelekeza uso ukutani, mi nakaa sakafuni pembeni nachezea simu bila hata kumwangalia, siku ya 9 hivi nikasikia kitu cha baridi kwenye kiwiko, kumbe pua yake.

Ila kutokula usichukulie poa kabisa, mpeleke kwa daktari wa wanyama leo sio kesho, na amuangalie mdomo maana mbwa wazee waliotelekezwa mara nyingi meno yameoza, anataka kula ila inauma. Mpe chakula laini cha uvuguvugu, kinanukia zaidi. Na kama kakonda sana usimjazie bakuli kwa huruma, mwili uliozoea njaa ukishindiliwa ghafla anaweza hata kufa, mpe kidogo kidogo mara 4 au zaidi kwa siku. Akinywa maji mno na kukojoa ndani usimgombeze, inaweza kuwa figo au kisukari, apimwe damu na mkojo.

Halafu ibuprofeni na parasetamo zako usimpe hata nusu, sumu hiyo kwake.

Sakafu kama inateleza mtandikie zulia mpaka kwenye bakuli, pengine anaogopa tu kuanguka. Bili ya daktari waulize waliokukabidhi huyo mbwa kabla hujatoa hela yako.