Dodoso linasema hatuna aibu, mbona hospitali hatuendi?

Swali: Shikamoo Bi Muuguzi. Binti yangu anasoma shahada ya uzamili, na utafiti wake ni wa kupima watu wanavyoona aibu kutafuta msaada wa afya ya akili. Amechukua dodoso la Marekani lenye sentensi kumi, akalitafsiri, akaja nalo huku Tanga kutuuliza mimi na majirani. Karibu wote tumejibu kwamba hatuoni aibu. Sasa anataka kuandika kuwa Watanzania wana aibu ndogo kuliko Wamarekani. Nimeshangaa, maana mtaani kwetu sijamwona aliyekwenda. Na ukweli ni kwamba mdogo wake wa kiume tangu Ramadhani hatoki chumbani, halali, hali chakula vizuri. Mimi niliyejibu sina aibu nimemwita shehe usiku ili watu wasijue. Je, nilidanganya? (Mama, Tanga)

Jibu: Marahaba mama, na pole sana. Nianze na kijana, dodoso litasubiri. Kijana asiyelala wala kula kwa muda wote huo anatakiwa aonwe wiki hii. Mpeleke hospitali ya Bombo hapo Tanga, na pale mapokezi sema wazi kwamba unataka huduma ya afya ya akili. Ukisema kichwa kinamuuma utazungushwa dirisha hadi dirisha. Kisomo cha shehe kiendelee, hakigombani na matibabu. Leo jioni, mkiwa wawili tu, muulize bila kuzunguka kama amewahi kufikiria kufa. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, na hospitali mwende leo hiyo hiyo.

Sasa dodoso. Hukudanganya. Kwa maelezo yako nadhani ni lile la David Vogel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, lililotoka mwaka 2006. Kila sentensi inajibiwa kwa ngazi tano, kuanzia sikubali kabisa hadi nakubali kabisa. Linapima jambo moja tu: mtu anavyojishusha moyoni mwake akifikiria kwenda kwa mtaalamu. Si dodoso baya. Mwaka 2013 walilijaribu Marekani, Uingereza, Ugiriki, Israeli, Uturuki na Taiwan, wakaona linafanya kazi kwa namna inayofanana kiasi cha kuruhusu ulinganisho. Kazi hiyo ndiyo binti yako hajaifanya kwa watu wa Tanga, na hawezi kuiruka. Mtu wa Tanga na mtu wa Iowa wenye aibu ya kiasi kile kile wanatakiwa wapate alama zile zile. Wasipopata, dodoso limepima na mengine humo humo, na wastani wa nchi hizo mbili haukai kwenye jedwali moja.

Chukua hilo la kwenda kwa mtaalamu. Dodoso lilitengenezwa kwa majibu ya wanafunzi wa chuo. Mwanafunzi wa Marekani akilisoma anaiona ofisi ya ushauri nasaha pale pale chuoni: anaingia, anazungumza, anarudi darasani. Mtu wa kwetu anaiona Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma. Hospitali hiyo ipo tangu miaka ya 1920 na imewarudisha watu kwenye kazi zao na watoto wao, lakini mtaani jina lake limekuwa tusi, "huyu wa Milembe". Wazanzibari wana Kidongo Chekundu, Wakenya wana Mathari. Basi mmoja anapimwa aibu ya kwenda kuzungumza, mwingine aibu ya kulazwa wodini na kurudi na jina. Tena wapo wasiowaza lolote kati ya hayo. Kwao mtaalamu ni mtu wa mbali asiyewahusu, na jambo lisilokuhusu huwezi kulionea aibu. Nadhani majirani zako wengi walikuwa hapo.

Halafu dodoso linamuuliza mtu heshima yake machoni pake mwenyewe. Wewe hukumwita shehe usiku kwa kuogopa kwamba utajidharau. Uliwaogopa majirani, na sitashangaa kama ulimfikiria pia huyo binti, kwamba posa ikija watu wataulizana kama ukoo wenu una wazimu. Nikiwa wodini nimewapokea akina mama waliomleta mtoto alfajiri kwa teksi, wakaandikisha jina lisilo lake, wakaniomba dawa nizifungie kwenye mfuko wa duka la vitenge. Msomee mama wa namna hiyo sentensi ya "nitajiona sifai nikitafuta msaada", atajibu kwa moyo safi kabisa kwamba hakubali. Aibu anayo, ila ni ya nyumba nzima, na sentensi ile haikuigusa. Yapo maswali ya upande huo: watafiti Komiya, Good na Sherrod walitoa mwaka 2000 dodoso fupi la sentensi tano kuhusu watu wanavyomwona anayetafuta msaada. Binti aliongeze.

Nataka pia kujua aliwahoji wapi. Kama ilikuwa barazani, wifi yuko pembeni na wapita njia wanasalimia, majibu hayo yana walakini. Nimesimamia wadadisi baada ya kustaafu, na jambo hili nimeliona mno: mhojiwa ni mtu mzima, mdadisi ni mtoto wa jirani aliyesoma, basi kila kitu anajibiwa "ndiyo mwanangu" ili afaulu. Dodoso la Vogel lina kinga yake. Sentensi tano kati ya kumi zimegeuzwa, yaani ukizikubali maana yake huoni aibu. Akague makaratasi yake. Aliyejibu "nakubali" juu hadi chini amejipinga mwenyewe, na alama zake zinaangukia katikati bila kusema lolote.

Ningekuwa yeye ningerudi kwa watu wachache, faraghani, niwasomee kila sentensi na kuwauliza: umeelewaje hapa, ulimfikiria nani? Kisha ningetaja watoa huduma mmoja mmoja, shehe au mchungaji, mganga, nesi wa zahanati, daktari wa Mirembe, nione majibu yanabadilika wapi. Kule Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwatumia bibi wa mtaani wanaokaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Dodoso lao la maswali 14 lilitokana na namna Washona wenyewe wanavyoeleza shida zao, na la kwanza ni la kuwaza sana. Utafiti uliotoka 2016, kwa wagonjwa 573 wa kliniki 24, ulionesha waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Benchi halina geti, wala jina la kumtukania mtu.

Tena kutokwenda hospitali si lazima iwe aibu. Kuna nauli, kuna dawa zilizoisha, kuna kibarua ambacho mtu akikosa siku moja watoto hawali. Hayo yasipoulizwa, kila asiyekwenda ataandikwa kwamba ananyanyapaa, na lawama itawaangukia watu badala ya huduma iliyo mbali nao. Hilo linaniuma kuliko makosa yote ya hesabu. Ayaulize kabla ya maswali ya aibu. Na ile sentensi ya Watanzania na Wamarekani aifute. Anachoweza kuandika kwa sasa ni kwamba majirani kadhaa wa Tanga walijibu hivi, wakiwa mahali fulani, mbele ya watu fulani.