Maswali ya Wasomaji: Mimea ya Asili Kwenye Kiwanja Kipya

SWALI: Nimehamia nyumba mpya Lanet, Nakuru, kiwanja cha futi 50 kwa 100. Nataka kupanda mwenyewe mimea ya asili ya huku kwetu, lakini miche michache niliyoweka kando ya ukuta imegeuka manjano. Kasoro ni ya miche au ya udongo?

JIBU: Tazama majani machanga. Yakiwa manjano huku mishipa yake imebaki kijani, mche unakosa madini ya chuma, na kando ya ukuta mpya kisa huwa ni mabaki ya saruji. Chokaa yake huzuia mizizi kufyonza chuma hata kikiwa tele udongoni. Mwagia siki konzi ya udongo mkavu. Ukitoa povu, chokaa imo. Hapo mbolea ya dukani haisaidii. Toka ukutani mita moja, chimba sentimita 40, toa vipande vyote vya mota na kokoto, kisha jaza udongo mzuri wa juu.

Kagua pia mahali mafundi walipomwaga udongo wa msingi na wa shimo la choo. Ule mweupe wa majivu ya volkano hupitisha maji upesi mno na hauna rutuba. Ukiufunika kwa nyasi tu, nyasi zitakauka jua la Januari likianza. Kwangua, rudisha wa juu.

Panda mvua ndefu ikishashika, Aprili. Shimo liwe sentimita 60 kwa upana na kina. Weka udongo wa juu upande mmoja, wa chini upande mwingine. Changanya ule wa juu na debe moja la samadi iliyooza kabisa, kwani mbichi huunguza mizizi. Chana karatasi ya mche uitoe yote, na mizizi iliyojizungusha chini uikate. Shingo ya mche isifukiwe zaidi ya ilivyokuwa kitaluni. Tandaza nyasi kavu sentimita 7, mbali na shina kwa upana wa kiganja.

Upande wa upepo weka leleshwa, kichaka chenye majani ya kijivu, mche kila sentimita 80. Hustahimili ukame na hukubali kupogolewa. Ua wa kuzuia mbuzi na wezi uwe wa mtandamboo, safu mbili zilizopishana, sentimita 50 kati ya miche. Una miiba, na matunda yake yanaliwa. Kayaba, mmea mwingine wa ua wenye miiba, wengi huidhani ya hapa, kumbe asili yake ni kusini mwa Afrika. Mutamaiyu (mzeituni wa porini) mmoja unatosha, mita 4 au zaidi kutoka ukutani. Hukua polepole lakini ni mti wa vizazi. Mgunga wa manjano wa kando ya ziwa ni mzuri sana, ila kwa kiwanja chako ni mkubwa mno. Mishubiri nunua kitaluni, usiing'oe porini.

Wengi hukosea wakidhani mti wa asili haunyweshwi. Mwaka wa kwanza, wakati wa kiangazi, kila mche upate lita 10 mara mbili kwa wiki. Uvumilivu wake huja mizizi ikishashuka.

SWALI: Mimi niko Nyamasaria, Kisumu. Udongo ni mweusi, hupasuka kiangazi na kutuama maji masika. Miche yangu ya mti wa siala huoza.

JIBU: Siala haivumilii maji yaliyotuama, na shimo kwenye udongo huo hugeuka karai. Inua tuta la sentimita 40, upana wa mita moja, upande juu yake, na uchimbe mfereji wa kutoa maji kando. Usichimbe udongo ukiwa umelowa, kwa sababu jembe hulainisha kuta za shimo mpaka mizizi ishindwe kupenya. Zikwaruze kwa uma wa bustani. Ochuoga, ambayo ndiyo mtandamboo kwa Kijaluo, nayo iweke juu ya tuta. Kama una nafasi kubwa, mgunga wa manjano ndio unaofaa palipo chini kabisa. Kwa mbegu na miche, anza kuuliza kituo cha KEFRI (Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya) cha Maseno. Walio Nakuru, cha Londiani.