Moyo unaanza mbio ghafla, ECG haioni kitu

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, nina miaka 34. Mara nyingine nikiinama kuokota kitambaa, moyo unaanza kwenda mbio ghafla mpaka shingo inadunda. Baada ya nusu saa hivi unatulia wenyewe, halafu nakojoa sana. Nilipimwa ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, nikaambiwa moyo hauna tatizo, ni mawazo tu. Mama mkwe anasema ni jini. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kutaja mkojo, wengi huona aibu. Moyo ukikimbia hivyo, vyumba vyake vya juu hutanuka na kutoa homoni inayoziamuru figo zimwage maji. Mapigo ya mawazo hupanda na kushuka polepole. Yako yanawaka na kuzimika kama swichi. Nahisi ni SVT, aina ya mapigo ya kasi ya moyo: kuna njia ya ziada ya umeme ndani ya moyo, pigo moja likija nje ya zamu umeme unazunguka humo, na mapigo yanafika 150 hadi 220 kwa dakika badala ya 60 hadi 100.

ECG yako haikudanganya, ilipigwa moyo ukiwa umetulia. Siku moyo ukianza tena, hesabu mapigo, kisha wahi kituo chenye mashine ya ECG kabla haujaacha. Omba karatasi ya kipimo hicho na uitunze kama cheti cha ndoa! Nenda nayo kwa daktari wa moyo, mathalani Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Akupime pia damu na tezi ya shingo.

Akithibitisha, mwombe akufundishe hili: unakaa umeegemea, unapuliza bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yenyewe, mpaka kijiti cha ndani kianze kusogea, sekunde 15. Papo hapo unalazwa chali na kuinuliwa miguu sekunde 15 nyingine. Hapo mama mkwe atafaa. Utafiti wa Uingereza wa 2015 ulionyesha njia hii ilituliza wagonjwa 43 kwa 100. Kupuliza tu bila kulazwa, 17. Ikigoma, hospitali wana sindano ya adenosini. Kukandamiza shingo, njia nyingine ya kutuliza moyo, waachie wao.

Lakini ukizimia, kifua kikiuma au pumzi ikikata, usipulize chochote. Nenda hospitali saa hiyohiyo, na usipande bodaboda peke yako.