Fundi Anajibu: Kerneli yangu imeshiba

SWALI: Kaka, jambo. Ninaendesha mfumo wa Unix toleo la 6, ile ya 1975, kwenye kompyuta ya zamani PDP-11/40, ya kuigizwa na programu ya SIMH. Nimeongeza draiva za tepu, nikapandisha NBUF (idadi ya bafa, nafasi za kushikilia data ya diski) kutoka 15 hadi 30. Kerneli mpya, yaani kiini cha mfumo, haiwaki. Nimeipa mashine kilobaiti 248, nimepiga strip (amri ya kuondoa majina ya alama kwenye faili la programu), bado. Tatizo ni nini?
Msomaji, Kadutu, Bukavu

JIBU: Mdogo wangu, memori unayo, ila kerneli haiioni. Anwani za mashine hiyo ni za biti 16, kwa hiyo dirisha lake ni kilobaiti 64 tu, limegawanywa kurasa 8 za kilobaiti 8. Ukurasa wa saba umeshikwa na habari za prosesi (programu) inayoendeshwa, wa nane na rejista za vifaa. Zinabaki sita: baiti 49,152 kwa msimbo, data na bss (data isiyopewa thamani mwanzoni) pamoja. Hata ungeongeza memori, dirisha halipanuki. Strip nayo hupunguza faili kwenye diski tu.

Nilipokuwa Lubumbashi, kule Kamalondo, nilishinda siku mbili nikidhani diski imeharibika. Kilichonionyesha ukweli ni penseli na daftari. Kila bafa ni baiti 514, basi 15 ulizoongeza zimekula 7,710! Zirudishe 15. Kisha toa kwenye mkconf (programu ya kuorodhesha vifaa vya kerneli) kila kifaa usichotumia, maana draiva hukaa ndani hata kama hakuna anayeiita. Bado inazidi? NINODE (idadi ya inodi, rekodi za faili zinazotumika) ishuke kutoka 100 hadi 60. Inodi moja ni baiti 32, utapata 1,280. NPROC (idadi ya prosesi) iache: prosesi moja ni baiti 22, hata ukikata nusu ya zile 50 unapata 550 tu.

PDP-11/45 hutenganisha maelekezo na data, lakini inataka faili la m45.s na uunganishaji mwingine. Mimi ningebaki na 40 kwanza. Hiyo ndiyo inayokufundisha kila baiti imelala wapi.

Ukigusa param.h (faili lenye namba hizi), kompaili upya folda za ken na dmr zote, si faili moja, kisha upime kwa amri ya size. Na rkunix, yaani kerneli ya zamani, usiifute. Ipe jina lingine, ili mpya ikigoma, uandike jina hilo kwenye alama ya @ wakati wa kuwasha, uendelee na kazi.