Maswali na majibu: Land Rover ya zamani uliyouziwa siyo uliyoambiwa

Wiki hizi mbili meseji zenu karibu zote ni za kitu kimoja, gari za zamani za porini, Land Rover na zile Land Cruiser za kizamani, mtu amenunua kwa mapenzi kabisa, amekaa nayo mwezi, alafu anakuta alichoambiwa na alichonacho ni vitu viwili. Mimi niko Jinja, Uganda, hizi gari ndio kazi yangu, na kila nikisoma naumia maana najua hiyo pesa ilikusanywaje. Tuanze.

Msomaji wa Kasese: "Fundi, nimenunua Land Rover fupi milioni 27, nikaambiwa ni Series IIA ya 1969, orijino, ya misheni toka mwanzo. Taa ziko kwenye madigadi, muuzaji akasema hiyo ndio alama ya 69. Sasa fundi wa huku amesugua chasisi akapata namba inaanza na 902, anasema siyo IIA. Nimepigwa?"

Ndio kaka, umepigwa, pole sana. Fundi wako yuko sawa na mshukuru kwa kusugua, wengi hawasugui. Namba ya kweli ya hizi gari iko kwenye chuma chenyewe, pale springi ya mbele ya kulia inaposhikiliwa, chini ya tope na grisi ya miaka, unahitaji brashi ya waya na mafuta ya taa na uvumilivu. Land Rover fupi ya inchi 88 ya petroli, usukani kulia, iliyotengenezwa kuuzwa nje ya Uingereza, ikiwa IIA inaanza na 242. Hiyo 902 ni Series III, toleo lililofuata baada ya IIA, na Series III haikuanza mpaka 1971, kwa hiyo hakuna namna hiyo chasisi ikawa ya 1969.

Habari ya taa ni ukweli nusu na ndio maana imekukamata. Ni kweli IIA za mwanzo taa zilikuwa katikati karibu na grili, zikahamia kwenye madigadi mwishoni mwa miaka ya 60, lakini Series III zote nazo taa ziko hukohuko. Yeye akakupa alama moja inayofanana akanyamaza kuhusu zile zinazotofautiana. Kwenye picha zako saa za dashi ziko mbele ya usukani, hiyo peke yake inatosha, kwenye IIA zinakaa katikati ya dashibodi. Grili amekuwekea ya waya, Series III ilikuja na ya plastiki, lakini grili ni kitu cha kubadilisha kabla chai haijapoa. Alafu nikatazama kile kibati cha namba muda mrefu sana: kinang'aa, ribiti zake nne hazina hata tone la rangi, wakati bati linalokizunguka limepigwa brashi mara tatu, kijani juu ya bluu juu ya krimu, na krimu inaonekana pembeni palipobanduka. Kibati cha kukaa hapo tangu mwanzo kingekuwa na hizo rangi zote tatu kwenye kingo zake, hakuna mtu anayepiga rangi gari ya shamba akakizunguka kibati kwa uangalifu hivyo.

Ukitaka kuhakikisha kwa mkono, endesha, ingia gia ya tatu, punguza mwendo, rudi ya pili kwa kukanyaga klachi mara moja tu. IIA ya kawaida itakusagia meno maana synchro, kile kinacholinganisha mwendo wa gia ziingie laini, iko kwenye gia ya tatu na ya nne peke yake, Series III inaingia laini. Ila IIA chache za mwisho kabisa zilishapata giaboksi ya aina hiyo, na giaboksi inahamishika, kwa hiyo usiende kumshika mtu na hilo tu, mshike na namba.

Sasa kitu cha haraka kuliko hasira. Chukua logbuku, ile kadi ya usajili wa gari, linganisha namba iliyoandikwa mle na namba ya kwenye chasisi, siyo ya kibati. Kama logbuku inafuata kibati basi unaendesha gari moja kwa karatasi za nyingine, pengine iliyokufa zamani, na hapo siyo suala la IIA au III tena, peleka polisi wewe mwenyewe ikaguliwe kabla hawajakusimamisha barabarani ukaonekana wewe ndio mwizi. Kama logbuku inafuata chasisi, pumua. Una Series III, injini ni ileile petroli ya lita 2.25, gari ngumu ya kazi, itakupandisha mlimani vizuri tu. Uliyemlipa amekuuzia umri na historia ambayo haipo, na hicho ndicho unachomdai.

Msomaji wa Mbale: "Nilinunua Land Cruiser FJ40, muuzaji aliapa haina kutu hata ya ukucha. Mvua zilipoanza rangi imefura kama malengelenge kwenye milango na chini ya miguu ya dereva pamelainika. Rafiki yangu anasema ningenunua Land Rover kwa sababu ni aluminiamu haishiki kutu. Ni kweli?"

Rafiki yako anasema nusu. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu kweli, walianza hivyo 1948 kwa sababu baada ya vita chuma Uingereza kilikuwa cha mgao, lakini chasisi ni chuma, na ule ukuta kati ya injini na miguu yako ni chuma pia. Chasisi yake ni boksi, ina uwazi ndani, tope na maji vinaingia vinakaa humo, kwa hiyo inaoza kutokea ndani kuja nje na wewe kwa nje unaona rangi nyeusi safi imekaa. Mimi 2011 nilinunua ile ndefu, 109, nimeipenda, nimeizunguka, nimelipa. Jioni ya kwanza nikaweka jeki nyuma nibadilishe tairi, nikaanza kupampu, jeki ikapanda gari haikupanda. Nikasikia sauti kama mtu anavunja chapati kavu, kumbe jeki imetoboa chasisi imeingia ndani, na yale majimaji yenye kutu yakanimwagikia kwenye mkono mpaka kiwiko. Walikuwa wamepaka lami nzito juu ya maboksi ya nafaka, kadi-bodi kabisa, iliyobandikwa na gundi. Nilikaa pale chini nikashindwa kuongea na mke wangu aliyekuwa ananiuliza kuna nini.

Tangu siku hiyo natembea na sumaku mfukoni, ile ya kung'oa kwenye spika mbovu, na nyinyi nawaomba mfanye hivyo, ni kitu cha bure. FJ40 bodi yote ni chuma, kwa hiyo sumaku ikishika hapa ikateleza pale, pale palipoteleza kuna filla, ile pasta ya kuziba mashimo kabla ya rangi, na filla nyingi maana yake chini kuna tundu. Land Rover ni kinyume, sumaku isishike kwenye bati la nje la milango wala madigadi, ikishika jua mtu amebandika bati la kawaida, ila kwenye ule ukuta wa miguu lazima ishike. Baada ya sumaku chukua nyundo ndogo ugonge chasisi toka mbele mpaka nyuma, chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu butu. Muuzaji akikataa usigonge, rudisha nyundo kwenye begi na wewe nenda nyumbani.

Ya kwako, usipige rangi tena juu. Kwangua mpaka uone chuma, pima ukubwa wa tatizo, piga picha kila hatua, alafu soma jibu linalofuata.

Mama mmoja wa Kampala: "Nilinunua Land Rover 110 ya biashara ya watalii milioni 38. Niliambiwa injini imefanyiwa overhaul, yaani imefunguliwa ikatengenezwa upya, na gari haijawahi kupinduka. Paa limenyooshwa, injini inakula oili. Muuzaji ananiambia umeiona mwenyewe, umeijaribu, biashara imeisha. Nina haki yoyote?"

Unayo mama, na usikubali hilo neno biashara imeisha. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya 2017 inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo lazima kifanane na maelezo, hata kama mnunuzi alikiangalia. Sheria ya Mikataba ya 2010 nayo, mkataba ulioingia kwa kudanganywa una uwezo wa kuukataa. Lakini kuna mtego na wengi wananasa: ukijua kasoro alafu ukaendelea kuitumia miezi, ukapeleka watalii mbuga ya Murchison ukarudi, ukatengeneza ukabadilisha, mahakama itasema uliikubali. Kwa hiyo tangu siku uliyojua, simamisha gari. Andika barua, taja aliyoyasema na uliyoyakuta, sema unairudisha unataka pesa yako, mpe siku kadhaa, baki na nakala yenye sahihi ya kupokelewa. Tafuta fundi asiyemjua yeye wala wewe aandike ripoti. Ujumbe wote wa WhatsApp hifadhi, ile sauti aliyokutumia akisema injini mpya ni dhahabu, usibadilishe simu.

Na karatasi ya mauziano, nitaomba uisome tena. Mkataba wa zaidi ya shilingi 500,000 Uganda unatakiwa kuwa wa maandishi, lakini watu wanaandika mistari minne, jina, namba, bei, sahihi, maneno matamu yote yanabaki hewani. Mstari mmoja tu "muuzaji anathibitisha gari haijawahi kupinduka" ungekuwa umekurahisishia kila kitu. Bila huo mstari bado una kesi, ila itategemea hizo meseji na nani alikuwepo akisikia.

Milioni 38 ni kubwa kwa mahakama ya madai madogo, kikomo chake ni milioni 10, kule hakuna mawakili unajieleza mwenyewe. Lakini kama unaamua kubaki na gari ukadai tofauti tu, mfano gharama ya injini, na haifiki milioni 10, hiyo njia ni nyepesi sana kuliko kesi ndefu. Mimi ningefikiria hilo kwa makini. Kwa gari iliyopinduka lakini chasisi imenyooka bado ningebaki nayo, chasisi ikiwa imepinda ningeirudisha hata kwa kesi ya miaka, maana utawabeba watu.

Msomaji wa Arua: "Kuna Land Rover One Ten ya 1984, broka anasema imeshuka toka Uingereza mwaka jana, karatasi zinakuja. Nilipe kidogo aishike?"

Usilipe hata elfu kumi. Tangu 2018 sheria yetu inakataza kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, kwa hiyo gari ya 1984 inayosemekana imeingia mwaka jana, yeye ndio wa kukuonyesha karatasi za forodha kwanza, na wewe uende nazo URA, mamlaka ya mapato, mwenyewe ukaulize. Pengine iko hapa Uganda miaka 30 na hadithi ya Uingereza ni ya kupandisha bei. Na usidanganywe na namba pleti pia, inakwambia gari ilisajiliwa lini hapa, haikwambii ilitengenezwa lini.

Msomaji wa Tororo: "Yangu nimekuta ina injini ya dizeli ya Toyota, naona aibu, niitoe nirudishe ya Land Rover?"

Aibu ya nini? Nyingi zinazotembea vijijini zimefanyiwa hivyo kwa sababu spea unapata Kisekka, soko la spea la Kampala, siku hiyohiyo. Angalia vitu viwili, namba ya injini iwe imebadilishwa kwenye logbuku, na mikono ya injini iwe imechomelewa na mtu anayejua, siyo vipande vya nondo. Vikiwa sawa endesha.

Kijana wa Bombo: "Fundi sema ukweli. Nimeuziwa 109 nikiambiwa ni orijino, nimekuta injini ya Toyota, chasisi nyuma ina kiraka, gia ya pili inaruka. Aliyeniuzia kazima simu. Nikiiuza kwa maneno yaleyale aliyonipa yeye nitarudisha pesa yangu. Wengine wanafanya hivyo."

Nimesoma ujumbe wako mara nyingi kuliko wote, na naelewa, pesa ya mkopo haisubiri. Lakini mdogo wangu, huyo atakayekuja atakuwa kijana kama wewe, ataikagua jioni mwanga umepungua kama ulivyofanya, na sasa wewe unajua, jambo ambalo pengine hata aliyekuuzia angeweza kukana. Kisheria ukijua na ukasema kinyume umeingia pabaya kuliko yeye. Na hiyo chasisi ya nyuma ndipo abiria wanapokaa.

Inauzika bila uongo, nimeuza kama hizo. Kwanza mpe fundi mzuri akate hicho kiraka achomelee chuma kipya kizito, usipake lami juu, iache ionekane. Alafu tangaza hivi: "Land Rover 109, siyo orijino. Injini dizeli ya Toyota, iko kwenye logbuku. Chasisi nyuma imekatwa na kuchomelewa upya, unaweza kugonga. Gia ya pili inaruka ukiachia mafuta, giaboksi inahitaji kazi. Bodi nzuri, sumaku ruksa. Njoo na fundi wako, njoo asubuhi." Bei ishushe kwa gharama ya giaboksi. Utapoteza kiasi, sikufichi, lakini anayekuja kwa tangazo hilo anakuja akiwa na pesa na hana maswali ya kukuzungusha. Weka na picha ya pale palipochomelewa, ipige karibu, jua likiwa ubavuni.