Baraka za rohoni ni za leo pia

Ndugu mpendwa, umeuliza kama baraka za rohoni huonjwa sasa au zimewekwa akiba mbinguni tu. Katika Waefeso 1:3 Paulo anasema kwamba Mungu ametubariki kwa baraka zote za rohoni ndani ya Kristo, naye analieleza kama jambo lililokwisha kutendeka, ingawa utimilifu wake tungali tunaungoja. Ama furaha, naomba tusiichanganye na kunyookewa na mambo, kwa maana barua kwa Wafilipi, inayorudia mara nyingi neno la kufurahi, iliandikwa na mtu aliyekuwa kifungoni. Mimi niliionja usiku mmoja nikimuuguza mama yangu, nikiwa nimechoka hata sala yangu ikabaki neno moja tu, “Baba”. Homa haikushuka usiku ule, lakini moyo wangu ulitulia, nikaendelea kumkanda paji la uso kwa kitambaa cha maji huku nikiimba taratibu. Soma Waefeso 1:3–14 kwa sauti, aya ambazo katika Kigiriki ni sentensi moja ndefu, na kila unapokuta baraka, iwe msamaha, kufanywa wana au muhuri wa Roho, simama umshukuru Mungu kabla ya kuendelea.