Jibu: ST imepanda II, III na aVF, msuli wa moyo umeumia kiasi gani?
Salaam tabibu mwenzangu wa Muheza. Umeuliza: mzee kifua kinambana, na kwenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo) sehemu ya mchoro iitwayo ST imepanda kwenye lidi (pande ambazo kipimo hutazamia moyo) II, III na aVF, utajuaje msuli umeumia kiasi gani?

Kwanza hakikisha karatasi imekwenda milimita 25 kwa sekunde, kisha hesabu ni lidi ngapi zimepanda. Zikiwa nyingi, kwa kawaida eneo lililo hatarini ni kubwa. Ila ST iliyopanda ni msuli unaoumia sasa hivi, na mwingi bado unaokoleka, kwa hiyo rufaa isisubiri hesabu. Msuli uliokufa utauona zaidi kwenye wimbi la Q (mshuko wa kwanza kabla ya kilele) lenye upana wa kisanduku kidogo 1 au zaidi.

Lidi hizo ni za ukuta wa chini. Hamishia lidi ya kifuani V4 upande wa kulia wa kifua, uone kama chumba cha chini cha kulia cha moyo kimeguswa, kabla ya kumpa nitrati (dawa ya kupanua mishipa), maana hapo inaweza kushusha presha. Hapa Tanga niliwahi kuruka hatua hiyo, presha ya mgonjwa ikaporomoka mbele yangu. Sijaisahau.

Rudia kipimo kila dakika 15 hadi 30, uandike saa kwenye kila karatasi. Kiasi kamili cha msuli uliokufa ECG haitakupa; eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) baadaye itaonyesha ukuta unavyosukuma, ila MRI ya moyo ndiyo hukipima vizuri zaidi.

Aspirini ameshatafuna?